Maswali ya Wasomaji: Ng'ombe Shambani, Bikoni Iliyohama na Suluhu Isiyodumu

Barua za mwezi huu karibu zote zimebeba ugomvi. Si ajabu. Ni Juni, uwele umeshakatwa, mabua yako wazi, na ng'ombe hawajui kusoma kalenda ya jirani ambaye bado hajavuna. Majibu yameandaliwa na jopo la bwana shamba, bwana mifugo, mwanasheria na msuluhishi. Majina ya walioandika tumeyaacha, na vijiji vinavyolaumiwa pia.

Wahariri, habari za kazi. Nalima alizeti ekari tatu huku Kongwa. Mwezi uliopita ng'ombe waliingia usiku. Mwenyewe anakubali ni wake, ila anasema wamekula "kidogo tu". Mimi naona nusu ya shamba imekwenda. Mtendaji ametuambia tupatane bei. Tutapatanaje wakati kila mmoja ana hesabu yake?
*Mkulima wa alizeti, Kongwa*

Ndugu mkulima, nyote wawili mnasema kweli kama mnavyoiona, na hapo ndipo tabu ilipo. Mwenye shamba akitazama mashina yaliyolala anaona ada ya shule. Mwenye ng'ombe anaona kona moja iliyokanyagwa. Msibishane bei kabla ya kupima. Mpime pamoja, na kamba ishikwe na wote wawili, mmoja kila ncha. Huyo mwingine naye awepo hata kama mna hasira, kwa sababu kipimo alichokishika kwa mkono wake ni vigumu kukikana baadaye.

Anza na eneo. Zungukeni sehemu iliyoharibiwa tu, si shamba zima, mkiwa na bwana shamba wa kata na mwenyekiti wa kitongoji. Mkikosa kamba ya mita 50, tumieni hatua; ekari ni hatua 70 kwa 70, lakini chagueni mtu mmoja wa kupiga hatua zote, maana mguu wa mrefu na wa mfupi haulingani. Tuseme mmepata hatua 70 kwa 35. Hiyo ni nusu ekari, yaani takribani mita za mraba 2,000.

Ndani ya eneo hilo madhara hayako sawa kila mahali. Funga fito nne zitoe fremu ya mita 1 kwa 1. Tembeeni kwa kona kona, msifuate mstari mmoja, na muiweke fremu sehemu kumi. Kila inapotua, hesabuni mashina yote kisha yaliyoharibika. Wastani wa sehemu kumi ndio asilimia yenu. Halafu nendeni upande ambao haukuguswa, mfanye vilevile mara kumi: kateni vichwa, pukuchueni, pimeni kwenye mizani. Kama wastani ni gramu 150 kwa mita ya mraba na uharibifu ni asilimia 60, hesabu ni 2,000 mara 0.15 mara 0.6, sawa na kilo 180. Namba hizi ni za mfano. Zenu zitatoka shambani kwenu.

Kilo hizo zizidishwe kwa bei ya wiki ya mavuno katika soko mnalouzia, si bei ya Januari wakati alizeti imeadimika. Kisha toeni gharama ambazo mkulima hakuzitumia: kukata, kupiga, magunia na usafiri wa kilo hizo 180. Wakulima wengi hawalipendi hili la kutoa. Lakini likifanyika, mwenye ng'ombe hana tena pa kushika.

Umekwishachelewa wiki kadhaa, kwa hiyo angalia jambo moja zaidi. Ndege nao wamekula. Kichwa kilichokongolewa na ndege bado kipo juu ya shina, kitupu. Kilicholiwa na ng'ombe kimekatwa pamoja na kipande cha shina, na chini kuna kwato na mavi. Usiingize hasara ya njiwa kwenye deni la ng'ombe. Bwana shamba ataiona, na akishaiona hatakuamini hata kwa lile la kweli.

Kwa wasomaji wengine ambao mazao yao huliwa yakiwa machanga: muda wa kupima unategemea zao. Mahindi, mtama na uwele wa wiki tatu hivi huwa bado umeficha kichipukizi chake chini ya ardhi, hivyo majani yakiliwa mmea unaweza kurudi. Pimeni siku hiyohiyo kwa kumbukumbu, kisha rudini baada ya siku 7 hadi 10 ndipo mkate hesabu. Alizeti haina huruma hiyo. Kichipukizi chake kiko juu. Ukikatwa kichwa, mmea umekwisha. Na kama bado mvua ipo na mnaweza kupanda tena, hasara ni mbegu, jembe na siku zilizopotea, si mavuno yote.

La mwisho, na hili tunaliandika kila mwaka. Ukiwakuta ng'ombe usiku, usimpige mchungaji. Mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi aliyelala. Usimkate ng'ombe mshipa wala kumchoma mkuki. Hadi hapo wewe ndiwe unayedai. Ukishamwaga damu, unakuwa mshtakiwa wa jinai na deni lako la alizeti linasahaulika. Piga kelele uitiwe majirani, fuata kwato ukiwa na shahidi mpaka zizini, piga picha kukiwa na mwanga, na asubuhi hiyohiyo andikisha kwa mtendaji.

Shikamooni. Mimi ni mfugaji wa Bahi. Ng'ombe wangu 14 walikamatwa kijiji jirani, nikadaiwa shilingi laki saba papo hapo. Nililipa, sikupewa karatasi. Mwenye shamba sasa anasema hajapata hata senti, anadai alipwe yeye. Pia ng'ombe wawili walikufa siku ileile na vijana wangu wanasema waliwekewa sumu kwenye mtama. Nifanyeje kabla hawajaenda kulipiza?
*Baba wa boma, Bahi*

Marahaba, mzee. Tuanze na vijana, kwa kuwa hilo haliwezi kungoja. Waulize: huo mtama ulikuwa wa urefu gani? Mtama mchanga, ulio chini ya magoti, na ule unaochipua upya baada ya kukatwa au kunyauka kwa jua, una sumu ya asili. Mtu hajauwekea kitu. Ng'ombe mwenye njaa akiula kwa pupa hupumua kwa shida, hutetemeka, huanguka, na anaweza kufa ndani ya saa moja. Dalili inayojulikana ni damu kuwa nyekundu mno, yenye kung'aa. Uwele hauna sumu hii, ndiyo maana mtu anaweza kulisha mabua ya uwele miaka yote bila tatizo, kisha akapoteza ng'ombe kwenye mtama na kuamini amefanyiwa hila. Mwite bwana mifugo aangalie shamba na mzoga kama bado upo. Nyama isiliwe kabla ya kukaguliwa. Akikuta ni sumu iliyotiwa na mtu, hilo ni la polisi. Kwa vyovyote, si la vijana.

Sasa pesa. Hapa watu huchanganya faini na fidia, na mchanganyiko huo umezaa mapigano mengi kuliko majani yenyewe. Faini ni ya serikali ya kijiji, kwa kuvunja sheria ndogo. Fidia ni ya mkulima, kwa mazao yake. Kulipa moja hakufuti nyingine. Mkulima wako kwa hiyo hadai mara mbili. Ni kwamba yeye hajalipwa bado.

Kuhusu faini, una haki ya kuomba vitu viwili. Cha kwanza ni sheria ndogo yenyewe. Kijiji hakijitungii faini kwenye kikao cha jioni. Sheria ndogo hujadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na kiwango kimeandikwa humo. Cha pili ni risiti ya mashine ya posi au namba ya kumbukumbu ya malipo. Pesa iliyotoka mkononi kwenda mfukoni si faini. Andika tarehe, saa, kiasi, aliyepokea na walioona, peleka kwa mtendaji wa kata, na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Usiposikilizwa, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, hupokea simu bila malipo kwa namba 113.

Siku nyingine mifugo ikikamatwa, usifike na umati. Nenda na watu wawili, mmoja awe mzee anayefahamika huko. Hesabuni ng'ombe mbele ya mtendaji kwa rangi, jinsia, chapa na hereni, mkaandike na kutia saini kabla ya kubishana lolote. Ulizia maji: ng'ombe mzima katika joto la Bahi anahitaji lita 20 hadi 40 kwa siku, na ndama akitenganishwa na mama yake usiku mzima, asubuhi utakuta ugomvi wa pili. Kubaliana nani anawanywesha na kwa gharama ya nani. Kisha fidia anayokudai mkulima ipimwe kama tulivyomweleza mwenzako wa Kongwa hapo juu. Ukimpelekea mkulima ujumbe leo kwamba uko tayari kupima naye, vijana watakuwa na cha kukuheshimu nacho.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji, wilaya ya Chamwino. Nasuluhisha mashauri mengi: mipaka, matusi, mifugo, madeni. Watu wanashikana mikono mbele yangu na tunapiga makofi. Baada ya miezi miwili wako palepale. Nakosea wapi?
*Mwenyekiti, Chamwino*

Mheshimiwa Mwenyekiti, makofi ndiyo kosa la kwanza. Yanakuja mapema mno. Mtu akishikishwa mkono mbele ya kijiji kabla hajasema kilichomuuma, ameshikishwa tu. Anakwenda nacho nyumbani.

Kazi yako kubwa iko kabla ya kikao. Waone wote wawili mbali mbali, ndani ya siku mbili, kila mmoja kwao, kwa muda ulio sawa. Ukikaa saa mbili kwa mmoja na dakika ishirini kwa mwingine, kitongoji kizima kimeshajua hukumu. Uliza mambo matatu tu: kilitokea nini, kipi kinakuuma zaidi, na kifanyike nini uone yamekwisha. Swali la pili ndilo lenye dhahabu. Mtu anadai gunia la uwele, ukimuuliza utasikia kwamba kinachomuuma ni kuitwa mwizi mbele ya wakwe. Ukimlipia gunia peke yake umetibu kidole wakati kidonda kiko mguuni.

Ukiwa huko, usinywe pombe ya mtu wala kupokea kuku. Kama mmoja wao ni ndugu yako, mkweo au mdeni wako, mwachie mtu mwingine asuluhishe. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ipo katika kung'ang'ania.

Mahali pawe pa watu wote: chini ya mkwaju, ofisini, darasani. Si kwa mmoja wao, si kilabuni, wala si siku ya mnada. Saa tatu asubuhi ni bora kuliko alasiri, maana mpaka saa tisa pombe ya wanzuki imeshaanza kusema. Kikao kisifanyike siku ile ile ya ugomvi. Watu walale angalau usiku mmoja.

Fimbo, rungu na sime viwekwe mahali pamoja, vya watu wote, na ya kwako iwe ya kwanza. Ukimwambia mfugaji peke yake aweke fimbo chini, umemvua nguo. Wapange viti kwa pembetatu, wewe ukiwa pembeni na wao wakitazama kwako. Waliokaa uso kwa uso hutafutana macho, na macho ndiyo huanza. Kama mmoja Kiswahili chake ni cha sokoni, tafuta mkalimani asiye ndugu wa yeyote, atafsiri sentensi kwa sentensi. Mkalimani anayesikiliza dakika kumi kisha akasema "anasema hataki" ameua kikao. Na angalia nyuma ya mkutano: mwanamke aliyelima shamba linalogombewa huwa amekaa huko, kimya, wakati mume anaeleza mpaka asioujua vizuri. Mwite mbele aseme.

Kikao chenyewe kifuate utaratibu huu. Kila upande unasema robo saa bila kukatizwa. Kisha, kabla ya kujibu, kila mmoja anarudia alichosikia mpaka mwenzake akubali: "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Hatua hii inachosha, wazee hulalamika, na ndiyo inayofanya kazi. Mtu aliyesikia maneno yake yakitoka kinywani mwa adui yake hushuka sauti. Baada ya hapo orodhesha mambo yanayogombewa, moja moja, na anza na jepesi. Kataa neno "ninyi". "Ninyi Wagogo", "ninyi Wamasai", "ninyi wa kuja" halina tarehe wala shamba, kwa hiyo halisuluhishiki. Mrudishe msemaji kwenye mtu, siku na mahali. Kukiwa na mtani anayeheshimika, mwalike; anaweza kutupa neno kali likapokewa kwa kicheko, ambalo ndugu akilisema lingeleta kisu.

Mapatano yaandikwe. Asiyejua kusoma asomewe mara mbili, atie dole gumba. Nakala tatu: mmoja mmoja, na ya ofisi. "Atamlipa ng'ombe" si mapatano. Andika: "Mtamba mmoja mwekundu, mzima, wa meno mawili, atakabidhiwa kwa mlalamikaji mbele ya mwenyekiti tarehe 15 Julai. Asipokabidhiwa hadi tarehe hiyo, shauri litapelekwa baraza la kata." Malipo ya fedha yafuate kipato cha mtu; mkulima anayedaiwa Januari ataahidi chochote na hatalipa, lakini Juni ana gunia. Mapatano mengi ya kwako, tunashuku, yaliwekwa tarehe ambayo mdaiwa hakuwa na njia ya kupata hicho kitu, naye hakusema kwa kuwa watu walikuwa tayari wanapiga makofi.

Kisha rudi. Siku ya saba, siku ya thelathini, na wiki mbili kabla ya msimu unaofuata, maana ugomvi wa shamba hufufuka na mvua ya Desemba. Uliza tu: lile linaendaje? Na usiache chanzo. Kama ng'ombe walipita shambani kwa sababu palio la zamani, yaani njia ya mifugo, limelimwa, utasuluhisha kila mwaka mpaka uzeekee kwenye kiti. Peleka hoja serikali ya kijiji muweke mpango wa matumizi ya ardhi, wenye mapito ya mifugo na malambo yaliyowekewa alama.

Kuna ya kutogusa. Kubaka, kunajisi mtoto, kujeruhi vibaya, kuua, kipigo cha mke kinachojirudia. Hayo hayana suluhu ya mkwajuni. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa mtoto piga 116. Mzee anayepokea mbuzi ili mambo ya binti "yaishe kifamilia" anaficha kosa la jinai.

Nina shamba la zabibu Mpunguzi, halijapimwa, mpaka wetu ni minyaa aliyopanda marehemu baba. Jirani ameng'oa minyaa, akaweka nguzo zake mita mbili ndani kwangu. Niziondoe?
*Mwenye zabibu, Dodoma*

Usiziguse. Ukizing'oa usiku, kesho yake ushahidi wa kwanza mezani utakuwa wa nguzo zake. Na tunaelewa uzito wake: zabibu hupandwa mstari hadi mstari karibu mita 2.5 au 3, kwa hiyo mita mbili ni kama mstari mzima, mashina zaidi ya arobaini kwa hatua 70, ya mti unaozaa miaka ishirini na zaidi.

Piga picha sasa hivi ukionyesha visiki vya minyaa. Mnyaa ukikatwa mizizi na visiki hubaki, navyo ndivyo mpaka wako. Mpaka hupimwa katikati ya shina la kwanza, si kwenye matawi. Minyaa ya miaka thelathini hujitanua upande wenye jua, na pengine jirani anaamini kwa dhati kwamba ulimmega wewe. (Mkikata, kingeni macho. Maziwa ya minyaa yanapofusha.) Tafuta mashahidi wawili wasio ndugu: aliyelima jirani zamani, aliyefunga waya za zabibu, aliyekuwapo baba alipopanda.

Njia ni hii. Mpunguzi iko ndani ya Jiji, una serikali ya mtaa, basi mwone mwenyekiti wa mtaa, halafu baraza la kata. Wenzako wa vijijini huanza na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao 3 kati yao ni wanawake. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata halihukumu tena mashauri ya ardhi, linasuluhisha. Likishindwa linakupa hati ya kushindwa kusuluhisha, na ndiyo unayokwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita tangu ulipofungua shauri bila usuluhishi kukamilika, unaweza kwenda hata bila hati hiyo. Tunza kila karatasi yenye mhuri na tarehe, kwa sababu bila tarehe hizo siku 30 hazithibitiki. Usiporidhika na uamuzi wa wilaya, rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45.

Usikae kimya ukingoja jirani ajirudi. Dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Ila aliyeazimwa shamba hawi mwenye mali kwa kukaa muda mrefu, hata akikaa miaka ishirini. Ndiyo maana ni vizuri kuazimana kwa maandishi.

Kwa wenye viwanja vilivyopimwa: bikoni, yaani nguzo ya mpaka iliyowekwa na mpima ardhi, ina namba, na mahali pake pamo kwenye ramani ya upimaji. Ikihamishwa, mpima ardhi wa Jiji au aliyesajiliwa anaweza kuirudisha palepale, na kuihamisha ni kosa. Mgawane gharama ya kumwita kabla ya kulipa wakili. Nyaraka za iliyokuwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyovunjwa Mei 2017, bado ni ushahidi. Msizichome kwa kudhani zimekufa na ofisi. Bei ya ardhi Dodoma imepanda tangu serikali ihamie, na mita mbili ambazo baba zenu walisameheana leo zina thamani ya kibanda.

Mume wangu alivamiwa katika vurugu za malisho miezi mitatu iliyopita. Jeraha limepona, wazee wamepatanisha, fidia imelipwa. Lakini halali, akisikia njuga za ng'ombe anasimama, amekuwa mkali kwa watoto, na sasa anakunywa. Mtoto wa mwisho ameanza kukojoa kitandani. Mama mkwe anasema ni woga, atazoea.
*Mama watatu, Kondoa*

Pole sana, mama. Huo si woga wa kuonea aibu. Baada ya tukio la namna hiyo, mtu wa kawaida hukosa usingizi, huota, hushtuka na kukwepa mahali, na kwa wengi hupungua katika wiki nne. Ikizidi mwezi, na kazi na nyumba vikaanza kuharibika, inahitaji mtaalamu. Miezi mitatu imepita. Anza kituo cha afya, mwambie mganga maneno haya haya uliyotuandikia, atampa rufaa. Mirembe ipo hapo Dodoma mjini, na tunajua jina hilo limegeuzwa tusi mtaani. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu hutibiwa wakarudi makwao wakalima.

Wakati huo huo: usimlazimishe asimulie upya, wala usiwaruhusu wageni wamhoji. Akitaka kusema, msikilize bila kumsahihisha. Alale na kuamka saa zile zile. Pombe humpa usingizi wa saa mbili kisha humwamsha akiwa na ndoto mbaya zaidi, mwelezeni hivyo badala ya kumgombeza. Akishtuka, avute pumzi kwa kuhesabu nne, aitoe kwa kuhesabu sita, dakika tano. Njuga azizoee kidogo kidogo, kwa mbali, mchana, akiwa na mtu anayemwamini. Akitaja kujiua au kulipiza kwa silaha, usingoje kesho. Ondoa sime na dawa za mifugo nyumbani, umpeleke.

Mtoto asichapwe kwa kukojoa. Alale karibu nawe kwa muda, amwone baba yake akiwa ametulia mchana. Akijua nyumba imetulia, kitanda nacho mara nyingi hukauka.

Kikoba chetu kimegawanyika kwa sababu ya shilingi 240,000 zilizopungua. Tumfukuze mweka hazina?
*Wanachama, Manyoni*

Bado. Ketini wote, soma daftari la kikundi na vitabu vya wanachama mstari kwa mstari tangu mara ya mwisho hesabu ilipolingana. Mara nyingi ni mkopo ulioandikwa kwa mmoja na kusahauliwa kwa mwingine. Mkimaliza, sanduku liwe na kufuli tatu na funguo zikae kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, na pesa ihesabiwe kwa sauti mbele ya wote kila kikao.

Tulipatanishwa na jirani. Tukikutana njiani hanisalimii. Nianze mimi?
*Mzee, Mvumi*

Anza. Sema "Mbukwa" ukiwa unatembea, usisimame kungoja jibu. Fanya hivyo kila siku, kwa sauti ile ile. Asipojibu wiki mbili, usimwendee yeye. Mwone aliyewapatanisha umuulize kama kuna kitu kwenye yale mapatano ambacho hujakitimiza.